Geukia Unakoangukia



Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, wengi wa huku kwetu Kwale walirudi nyumbani mikono mitupu. Baba yangu alirudi Msambweni na baiskeli yake nyeusi, ile kubwa ya magurudumu ya inchi 28. Baadaye akavuka feri ya Likoni kwenda kutafuta kazi Mombasa, na baiskeli ikabaki imeegemea ukuta.

Nilikuwa mtoto mwenye haya nyingi. Nikitumwa dukani nilizunguka nyuma ya nyumba za watu ili nisikutane na wa kunisalimu. Wenzangu walijifunza baiskeli uwanjani, na aliyeanguka alichekwa. Mimi niliona heri nisijue kuendesha maisha yangu yote kuliko kuchekwa vile. Basi nikangoja jua la saa saba, watu wamejinyoosha vivulini, nikaikokota baiskeli hadi mnazini peke yangu. Kiti sikukifikia. Nilipitisha mguu chini ya kile chuma cha katikati, mwili umepinda kama ndizi, nikasukuma. Nikaanguka. Nikajaribu tena, nikaanguka.

Sikujua kwamba juu yangu yuko mtu. Mgema alikuwa kileleni na kotama yake, ananitazama. Hakucheka. Alishuka, akaweka kibuyu chini, akasema: "Mwanangu, ukiinamia kulia, wewe wavuta usukani kushoto. Usikimbie. Geukia huko huko unakoangukia, nayo itasimama."

Haikuniingia akilini. Nani anayeufuata mwanguko wake? Lakini alinishikia keria, na siku ya tatu nilifanya alivyosema, nayo ikasimama. Ninyi waendesha baiskeli mnajua si uongo: gurudumu likigeukia upande ule, hurudi chini ya uzito wako. (Wasemao mgema akisifiwa tembo hulitia maji watanisamehe leo. Namsifu.)

Ningependa hadithi iishe hapo, lakini haikuishia hapo. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, nilikuja nyumbani likizo. Nilikuwa njiani na wazee wawili wa kanisa, watu wasiotaka hata harufu ya tembo, mara mzee yule akaniita kutoka juu ya mnazi kwa jina langu la utotoni. Nilimsikia vizuri sana. Nikainamisha kichwa, nikawauliza wale wazee habari za paa la kanisa, tukapita.

Kumbe haya yangu haikuwa imekwisha. Ilikuwa imevaa viatu na tai tu.

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, yuko mama aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuja kwa nyuma katikati ya umati, akagusa vazi la Yesu, akapona pale pale. Angaliweza kuondoka kimya, na nadhani mimi ningaliondoka. Lakini Bwana alisimama akauliza ni nani aliyemgusa, swali ambalo wanafunzi wake waliliona la ajabu katika msongamano ule. Yule mama akaja mbele, akasema kweli yote. Angalia, ndugu yangu: hakungoja kutetemeka kumtoke kwanza. Alikuja akitetemeka hivyo hivyo. Na Yesu akamwita binti. Jina hilo asingalilisikia kama angalitoroka na uponyaji wake.

Nililisoma fungu hilo chuoni kwa ajili ya mtihani, nikashindwa kuendelea na ukurasa uliofuata. Hata hivyo ilinichukua mwaka mzima kurudi mnazini. Nilimkuta ameketi chini, magoti hayamruhusu kupanda tena. Nikamwambia, "Mjomba, siku ile nilikusikia."

Alinyamaza kidogo. "Najua, mwanangu. Nilikuona ulivyovuta usukani upande wa pili."

Kisha akamwita mjukuu wake atuangulie madafu, tukanywa pale pale, kando ya njia ya kwenda kanisani.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyesimama njiani kwa ajili ya mama mmoja aliyejificha, yuko msikilizaji asubuhi hii anayemjua mtu aliyempita. Mngoje. Amina.