Mwenye homa ya maini B abaki kwenye kikundi cha kazi



Swali moja linarudi katika vikundi vyetu vya shamba: mwenzetu akikutwa na homa ya maini B, ile inayobaki mwilini miaka mingi, tumutoe kwenye kazi?

Hapana. Virusi hivyo vinapita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na toka mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Havipiti kwa bugali, kikombe, kupeana mkono wala mpini wa jembe. Ukimutengea mwenzako sahani yake, haujikingi na kitu, unamufundisha kuficha. Na mwenye kuficha haendi kupima. Vitu vya kutochangia ni wembe na mswaki. Akijikata, kidonda kifungwe, na damu isafishwe na javel. Bibi au bwana yake apimwe, na watoto wamalize chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Si kila mgonjwa anapewa dawa. Munganga anaamua kisha vipimo. Lakini aliyeanza tenofovir asiikate peke yake eti anajisikia muzima. Ugonjwa unaweza kurudi na nguvu. Hapa kurudi kwetu kunaleta hatari: mutu alianzia dawa kambini, akavuka ziwa, dawa ikaisha. Kama uko na karatasi za hospitali ya kule Tanzania, usizitupe. Peleka kwa munganga.

Kazi yenyewe? Wengi wanalima sawa na sisi. Lakini uchovu wa ugonjwa huu si uvivu. Siku amechoka, apalilie asubuhi kukiwa baridi, wengine wabebe mifuko. Lotoko na kasiksi aache kabisa. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu tusile, tusiuze: sumu yake inaongeza hatari ya kansa ya maini, zaidi kwa mwenye virusi hivi. Na akiona macho ya manjano, tumbo kuvimba ao kutapika damu, siku hiyo ni hospitali, si shamba.

Ninaomba mkutano uamue mambo matatu. Siku ya kwenda kupima mutu asilipishwe faini ya kukosa kazi. Kasha yetu imusaidie franka za njia. Na siri yake isitoke kinywani mwa aliyeambiwa.

Tulirudi ili tulime pamoja. Asibaki mutu nyumbani kwa sababu ya woga wetu.