*SAMORA NA MLIMA WA MBUZINI: TUNAYOYAJUA NA TUNAYOYADAI*

*Ndugu wanachama,*

Haya ni maneno ya Kamati ya Siasa ya Tawi yaliyosomwa katika mkutano wa kumkumbuka Rais Samora Machel. Tunayatuma kwa simu ili na wale ambao hawakuweza kufika wayapate.

Samora si mgeni kwetu. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na Samora aliishi nao kambini. Askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji wamelala Naliendele, Mtwara. Kwa hiyo kifo chake ni msiba wa nyumbani, na maswali yake ni maswali yetu.

Oktoba 1986 Msumbiji ilikuwa vitani. Machi 1984 Makaburu walitia saini mkataba wa Nkomati na kuahidi kutowasaidia RENAMO, lakini msaada haukukoma. Mwezi huohuo wa Oktoba, waziri wao wa ulinzi, Magnus Malan, alimtishia Samora hadharani.

Jioni ya tarehe 19, Samora aliondoka Mbala, Zambia, baada ya mkutano wa viongozi. Ndege yake ilikuwa Tupolev 134, ikiendeshwa na marubani wa Umoja wa Kisovieti, na ndani walikuwamo watu 44. Ilipokaribia Maputo usiku, ilikata kulia, ikaendelea kushuka gizani na kugonga mlima Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini. Serikali ya Maputo iliarifiwa asubuhi ya siku ya pili. Leo pale mlimani kuna nguzo 35 za chuma, moja kwa kila aliyepoteza maisha. Upepo ukipita ndani yake, hulia.

*Ndugu zetu,* hayo hayana ubishi. Ubishi uko kwenye jambo moja: kwa nini ndege ilikata kulia?

Tume ya Afrika Kusini chini ya Jaji Cecil Margo iliwalaumu marubani. Ilisema walifuata mawimbi ya redio ya kuongozea ndege ya Matsapha, Swaziland, wakidhani ni ya Maputo, na kwamba king'ora cha kuonya kuwa ardhi iko karibu kililia sekunde 32 nao hawakupandisha ndege. Wataalamu wa Kisovieti walikataa. Walisema ndege ilivutwa na mtambo wa uongo uliotegwa kwa makusudi. Mwaka 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini iliichunguza upya habari hii. Haikutoa hukumu, ila ilisema maswali yaliyoibuka, likiwamo la mtambo wa uongo, yanahitaji uchunguzi zaidi.

Tunayasema haya kwa sababu kwenye makundi yetu ya simu zinazunguka sauti zinazotaja wauaji kwa majina, kila moja na majina yake. Moja inawataja Makaburu, nyingine inawataja wenzake Samora wa Maputo, nyingine inadai kulikuwa na bomu. Tunawaelewa wanaozituma, maana uchungu ni uchungu. Lakini mtu akituhumiwa na watu kumi kwa hadithi kumi tofauti, yeye ndiye anayenufaika. Atachukua ile dhaifu, ataivunja mbele ya watu, na zote zitaonekana ni porojo. Kama Samora aliuawa, walioua hawapati kificho kizuri kuliko kelele zetu.

Kushuku ni haki yetu. Utawala ule ulikuwa na sababu, ulikuwa na uwezo, na ulikuwa umetoa vitisho. Hilo tunalisema bila woga. Lakini shuku haijawa ushahidi, na chama kilichofundishwa nidhamu hakichanganyi viwili hivyo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Mwanachama asitume ujumbe unaotaja muuaji kama jambo lililokwisha kuthibitika. Atume yanayojulikana, na aseme lipi bado ni swali.

2. Kila balozi wa shina awaeleze vijana habari hii, kuanzia Kongwa na Nachingwea hadi Mbuzini. Wapo wanaopita Samora Avenue kila siku na hawajui ni jina la nani.

3. Tuunge mkono dai la kufunguliwa kwa nyaraka zote za jeshi na usalama za wakati ule, popote zilipo, ili uchunguzi ulioachwa njiani umalizike. Wajane na watoto wa Mbuzini wanastahili jibu, wala hawakuomba hadithi.

Mashahidi wanazeeka na wengine wamekwisha kufa. Tukikaa kimya, swali litazikwa nao.

*Aluta continua!*

Imetolewa na Kamati ya Siasa ya Tawi.