Nani Yumo Ndani ya Kifaru?

Leo tunalo neno ambalo huenda wengine wenu mtaliona dogo mno kwa kipindi kama hiki, maana lahusu vitu vya kuchezea. Lakini limeleta ubishi katika kanisa moja la huko Sigowet, upande wa Kericho, hata wazee wakakaa juu yake jioni mbili. Na jambo likiwakalisha wazee jioni mbili wakati wa mvua, basi si dogo.

Yuko kijana mmoja huko, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hukusanya vifaru vidogo. Hatusemi yule mnyama mwenye pembe puani. Twasema vifaru vya vita, vyenye minyororo badala ya magurudumu na mzinga mbele, ila ni vidogo vya kukaa kiganjani, vya madini, vimepakwa rangi ya majani au ya mchanga. Anavyo 23. Amevipanga katika rafu juu ya meza ya chakula, mahali ambapo wengine wetu huweka picha za arusi. Kimoja alikipata katika rundo la mtumba sokoni, nacho hakina mnyororo upande mmoja. Vingine ameviagiza kwa fedha zake mwenyewe, kimoja kimoja. Basi siku moja ibada ya nyumbani ilifanyika kwao, na maombi yalipokwisha mzee mmoja akainua macho, akaviona, akauliza: Je, yafaa nyumba ya Mkristo ipambwe kwa vyombo vya kuulia watu?

Wengine walisema vitupwe. Wengine walisema hiyo ni michezo tu, mbona watoto wetu hucheza na manati na hakuna anayewaita mbele ya baraza? Swali hilo likatufikia sisi, na tumeliwaza.

Kwanza tuseme haki ya kijana. Vitu hivi vimefanywa kwa ustadi, wala si dhambi kuupenda ustadi. Zinki huyeyushwa pamoja na alumini kidogo, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, na kwa muda mfupi sana hupoa na kutoka ikiwa na kila msumari na kila mkunjo. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, ilianza kuuza magari ya namna hiyo kwa jina la Dinky Toys mwaka 1934, na mwaka 1954 ikatoa kifaru cha Centurion ambacho wakusanyaji wangali wakikitafuta, ingawa kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1979. Kuna na kampuni ya Lesney ya London, iliyoanzisha magari ya Matchbox mwaka 1953. Yasemwa kwamba fundi wake, Jack Odell, alikuwa na binti ambaye shule yake iliwaruhusu watoto kuleta kitu cha kuchezea iwapo tu kinaingia ndani ya kiberiti. Baba akamtengenezea kimoja cha kuingia humo, na biashara nzima ikapata njia yake. Sisi twakipenda kisa hicho. Baba aliyemfikiria mtoto wake alitajirisha kampuni.

Tena kijana huyu si mvivu wa akili. Anajua uzito wa kila kifaru, ni nchi gani ilikiunda, na mwaka gani. Ukimwambia vyote vinafanana, atakuketisha mpaka chai ipoe. Wanafunzi wake wamejifunza hesabu za uwiano kwake vizuri kuliko kitabuni, maana huwaambia: ikiwa mfano ni 1 kwa 72, na mwili wa kifaru cha kweli una urefu wa mita 7 na sentimita 60, huu wa mezani utakuwa na sentimita ngapi? Nao hupima kwa rula, wanakuta kumi na nusu hivi, wanafurahi.

Kuna mama mmoja aliyeuliza juu ya fedha, kwamba bonasi ya majani chai ikija, kijana huagiza kifaru na paa la jiko lingali linavuja. Hilo ni neno la kweli, na tunamwachia kijana na mama yake walimalize nyumbani.

Liko jambo jingine wakusanyaji wanalolijua, nalo linatushangaza. Vifaru na magari madogo ya kabla ya vita vya 1939, mengi yamekufa. Hayakuvunjwa na mtoto yeyote. Yalikuwa kabatini, yamefungwa kwa karatasi, na siku moja mwenyewe akafungua akakuta yamevimba, yana nyufa, na akigusa yanamomonyoka kama mkate mkavu. Sababu ni kwamba kiwandani zinki ilichanganyika na uchafu kidogo wa madini mengine, hasa risasi. Huwezi kuuona uchafu huo siku ya kununua, na ukianza kula hakuna dawa. Joto na unyevu huuharakisha, nasi tunajua jinsi Kericho ilivyo na unyevu. Bwana wetu alitaja nondo na kutu; zinki hakuitaja, lakini imo. Na tazameni lugha yetu ilivyo na macho: kifaru hiki kidogo, ambacho hakijawahi kupigwa risasi, kimeuawa na risasi.

Lakini, wapendwa, hayo yote bado si swali la yule mzee. Alikuwa anauliza juu ya damu.

Kifaru cha kwanza kiliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916, karibu na kijiji cha Flers huko Ufaransa. Waingereza walikiita kwa neno lao la tangi la maji, ili adui akisikia habari za kuundwa kwake adhani ni mapipa tu. Sisi katika Kiswahili tulikiita kwa jina la mnyama ambaye akikujia huwezi kujadiliana naye, na kwa maoni yetu tulisema kweli kuliko wao. Siku ile vilitayarishwa 49, na 32 tu ndivyo vilivyofika mahali pa kuanzia. Vingine viliharibika, vingine vilinasa. Ndani ya kila kimoja walikuwamo watu wanane pamoja na injini yenyewe, bila ukuta kati yao na injini. Joto lilikuwa kama la tanuri, moshi wa injini ukawajaa vifuani, wengine wakazimia. Hawakuweza kusikilizana kwa kelele. Walikuwa vijana wa umri wa yule mwalimu wetu.

Sasa kitazame kile kilicho rafuni. Katika mfano wa 1 kwa 72, mtu mwenye urefu wa sentimita 180 angekuwa na sentimita mbili na nusu. Angeweza kufanywa. Lakini vifaru vingi vidogo vimefungwa, ndani ni tupu. Na kama mtu yupo, ni kichwa na mabega tu vinavyotokeza juu, kwa kuwa sehemu ile ndiyo inayoonekana. Nawe unakitazama kutoka juu, kama mwewe. Askari aliyepigana ardhini hakukiona kifaru hivyo. Aliyekuwa ndani alikiona kwa tundu dogo, na aliyekuwa mbele yake alikiona akiwa amelala tumboni shimoni.

Hapa ndipo tulipotaka kufika, na aliyetufikisha si mzee wa kanisa wala mhubiri. Ni nyanya wa kijana yule, Kogo kama wanavyomwita nyumbani, ambaye miaka yake imefika 90. Siku ya ubishi alikuwa ameketi karibu na moto, hakusema lolote, na walipokuwa wakipandishiana sauti akaomba aletewe kimoja. Akakigeuzageuza mkononi. Akamwuliza mjukuu wake:

“Na aliyekuwa ndani yake ni nani?”

“Kogo, hiki ni cha kuchezea. Hakuna mtu.”

“Nimeona. Nauliza kile kikubwa.”

Kijana hakuwa na jibu. Kogo naye hakumwonea. Alimwambia kwamba kaka yake mkubwa alichukuliwa na Keya wakati wa vita vya Mwingereza na Mjapani, yeye akiwa msichana mdogo. Ninyi mliosoma mnajua kwamba askari wa Afrika Mashariki, Wakipsigis wakiwamo, walipelekwa Burma, na kwamba mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katika mvua kubwa, katika matope yaliyomeza magari na nyumbu. Kogo hajui bonde la Kabaw. Anajua kwamba kila waliposikia askari wanarudi, mama yake aliacha kazi, akaenda kusimama kando ya barabara. Alifanya hivyo hata baada ya watu kumwambia wamekwisha kurudi wote watakaorudi.

Tuliposikia habari hiyo tulifungua Waamuzi. Kila mtoto wa shule ya Jumapili anajua habari za Sisera na magari yake ya chuma 900, na jinsi Debora na Baraka walivyomshinda penye mto Kishoni. Tunapenda kuihubiri. Watu wa Sigowet huielewa upesi kuliko watu wa mjini, maana wameona lori la majani chai likinasa katika udongo mwekundu mwezi wa Aprili, na wanajua kwamba uzito ukikutana na matope, matope hushinda. Sisera akashuka garini akakimbia kwa miguu, na mwisho wake mnaujua. Kwa kawaida hapo ndipo tunapopiga makofi na kuimba.

Lakini sura ya tano haiishii hapo. Inatupeleka nyumbani kwa adui. Mama yake Sisera yuko dirishani, anachungulia, anajiuliza mbona gari la mwanawe limekawia. Wanawake walio pamoja naye wanamtuliza: wamechelewa kwa kugawana nyara. Naye anajijibu vivyo hivyo, ili asijijibu lile jingine. Ni kweli Biblia haimsifu. Nyara anazozingoja ni pamoja na binti za watu wengine. Hata hivyo yupo pale. Mwandishi aliyehesabu magari 900 alihesabu na dirisha moja. Je, ni mara ngapi tumehubiri magari tukaliruka dirisha?

Tusidhani haya ni ya Kanaani na Ufaransa tu. Mwezi wa Machi 1979, katika vita vya Tanzania na Idi Amin, vifaru vilikutana Lukaya, kusini mwa Uganda, penye barabara inayopita katikati ya mabwawa, ambapo kifaru hakina pa kugeukia. Huko Kaboya, mkoa wa Kagera, liko makaburi ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita vile. Upande wa pili nao, Waganda na Walibya waliotumwa kumsaidia Amin, walikuwa na mama. Na karibu zaidi, hapo Sondu, mwendo mfupi tu kutoka Sigowet, watu waliuawa mwaka 2023 katika machafuko ya mpakani. Hakuna kifaru kilicholetwa. Mishale ilitosha. Hatutasema ni akina nani walianza. Kila upande una hesabu yake, na hesabu hizo hazijawahi kukubaliana. Lakini tunajua kwamba pande zote mbili za mpaka, jioni ile, palikuwa na wanawake waliosimama mlangoni wakitazama njia.

Basi mzee wetu aliyeuliza, tumjibu nini? Sisi hatuoni sababu ya kuvitupa vifaru vile. Mwenye upinde nyuma ya mlango asije akamhukumu mwenye kifaru cha sentimita kumi rafuni. Lakini hatuwezi pia kusema ni michezo tu, maana yule nyanya hakuona mchezo. Tungemwomba kijana ambaye anajua tani na milimita za kila kifaru ajue na mengine: ndani walikaa wangapi, walifanya kazi gani, kilipoungua walitokea wapi, na mbele yake palikuwa na kijiji gani.

Tena ameanza. Tumepata habari kwamba chini ya kile cha Centurion amebandika karatasi ndogo. Haikuandikwa tani 50 kama zamani. Imeandikwa: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji, dereva; watu wanne. Watoto wa shule ya Jumapili walipokuja kuona, mmoja aliuliza yupi kati ya wale wanne hutoka wa mwisho kikishika moto, na mwalimu alilazimika kwenda kusoma kabla ya kujibu. Kogo naye alisomewa karatasi hiyo, akasema bado haijakamilika, aongeze na mama zao. Kijana akamwambia nafasi haitoshi. Akaambiwa atafute karatasi kubwa.

Muda wetu umekwisha, wapendwa. Kwaherini mpaka juma lijalo.