"Amejitakia": Maneno kwa vijana wa Migori na Homa Bay

Leo tuzungumzie neno tunalolirusha ovyo huku kwetu: "Amejitakia."

Mvuvi wa omena kule Mbita hulipwa asubuhi, baada ya usiku mzima ziwani na taa. Mchimba dhahabu wa Macalder anaweza kukaa siku nyingi bila kitu, halafu mawe yakishasagwa anashika pesa kwa mkupuo. Simu iko mfukoni, Aviator iko ndani ya simu. Kabla ya adhuhuri pesa zimeisha. Sisi tunasema amejitakia.

Kuna wasomi waliolisema hilo kwa hesabu. Mwaka 1988 wachumi wa Marekani, Gary Becker na Kevin Murphy, waliandika kwamba mraibu naye anapima raha ya leo na hasara ya kesho, kisha anachagua. Tusiwacheke. Bei ya sigara ikipanda, hata waliozoea kuvuta hupunguza. Kwa hivyo mraibu si mashine, na kusema "ni shetani tu" hakutoshi.

Lakini nawauliza: kama ni hesabu tu, mbona kijana huyo huyo anampa mamake pesa na kumwambia, "Hata nikikulilia jioni, usinipe"? Huyo anajua jioni atachagua asichokitaka. Mtu ni mmoja, lakini nguvu ya asubuhi si ile ya jioni.

Basi jukumu lake liko wapi? Liko asubuhi. Jioni, akishaliwa na anataka kurudisha pesa zake, kumwambia "jikaze" ni kuchelewa. Asubuhi anaweza kutuma pesa nyumbani kabla hajapanda boda. Anaweza kufuta programu ya kubeti na kumwambia rafiki ukweli. Zaidi zile siku za mbalamwezi, omena haivuliwi na mtu amekaa bure.

Na sisi pia tuna letu. Mwezi Aprili 2025 bodi ya serikali iliyokuwa ikisimamia kamari wakati huo ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Maana yake ni kwamba hata serikali inajua mtu hachagui peke yake, kuna anayemvuta. Siku 30 ni chache, tuendelee kudai zaidi.

Hata katazo la pombe lilikuja kwa hatua. Qur'ani ilianza kwa kueleza kuwa madhara ni makubwa kuliko manufaa, ikazuia kuikaribia swala na ulevi, mwisho ikafunga mlango kabisa, na kamari pamoja nayo. Mola anawajua waja wake: hakuwaondolea jukumu, wala hakuwataka wabadilike kwa siku moja.

Kwa hivyo kijana akikuomba umshikie pesa, usimcheke. Hapo ndipo anapochagua kweli. Mshikie, na jioni akija kuzidai, kaa naye hadi Isha.

Wabillahi tawfiq.