Kutenganisha Visababishi: Funzo la Shinyanga kwa Elimu ya Tabianchi



Mwulize mwanafunzi wa darasa la saba kwa nini mvua siku hizi haieleweki. Mara nyingi atajibu, "Kwa sababu tunakata miti," na atapewa alama zote. Jioni hii nadai kwamba jibu hilo ni pungufu, na kwamba upungufu huo ndio kasoro kubwa ya ufundishaji wetu wa mabadiliko ya tabianchi.

Ili kuona kwa nini, twende Shinyanga, Tanzania. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakatanuka, mifugo ikaongezeka, na uanzishwaji wa vijiji katika miaka ya 1970 ukawaondoa watu kwenye ardhi waliyozoea kuitunza. Ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua wakati wa kiangazi kwa ajili ya maksai, ndama na ng'ombe wa maziwa, zikabaki chache mno. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kazi ilishika kasi pale wataalamu walipoacha kutegemea miche ya vitaluni na kuurudia utaratibu wa ngitili, ukisimamiwa na wanavijiji wenyewe kupitia dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu, yaani walinzi wa jadi. Mamia ya maelfu ya hekta yakaota tena, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta.

Angalieni visababishi nilivyovitaja: amri za watawala, soko la pamba, wingi wa mifugo, watu kuhamishwa. Vyote vilitokana na maamuzi kuhusu ardhi ile, ndiyo maana maamuzi mengine juu ya ardhi ileile yaliweza kuiponya.

Ongezeko la joto la dunia lina chanzo kingine. Kabla ya mapinduzi ya viwanda, hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za kabonidayoksaidi katika kila milioni. Leo zimezidi 420. Sehemu kubwa ya ziada hiyo imetokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa muda mrefu wachomaji wakuu walikuwa nchi za viwanda. Ngitili zote za Usukumani haziwezi kulifuta deni hilo.

Shambani mambo haya mawili hukutana: ukame huumiza zaidi udongo uliokwisha kuvuliwa miti. Lakini kukutana si kuwa kitu kimoja. Mtoto anayefundishwa kwamba shoka la baba yake ndilo lililoipasha dunia joto amebebeshwa hatia ya wengine. Anayefundishwa kwamba kila ukame umeletwa na viwanda vya ng'ambo ameondolewa wajibu ulio wake.

Ili kufundisha tofauti hiyo, kuingiza mada ya tabianchi kwenye mtaala hakutoshi. Kenya, kwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, imeitaka taasisi yake ya mitaala iingize suala hili katika masomo na ngazi zote. Ni hatua njema, lakini mwalimu hufuata mtihani. Swali likiwa "Taja sababu tano", watoto watakariri tano. Swali likiwa "Korongo hili limetokana na nini, na unajuaje?", itabidi watoke nje, wapime, wawahoji wazee waliolisha mifugo pale, kisha wabishane kwa ushahidi. Shule yenye kipima mvua na daftari linalorithishwa kutoka darasa hadi darasa itawafunza pia kwamba msimu mmoja mbaya hauthibitishi chochote. Wastani wa tabianchi huhesabiwa kwa miaka 30.

Kazi hiyo inaanzia hapa chuoni, maana walimu hao ni sisi tunaowaandaa. Napendekeza mwalimu tarajali asiende mazoezini kabla hajachunguza badiliko moja la mazingira ya kwao na kulitetea mbele ya jopo: sehemu ipi imeletwa na matumizi ya ardhi, ipi na ongezeko la joto la dunia, na ipi ushahidi wake bado haujatosha. Asiyeweza kuitaja hiyo ya tatu asipewe darasa.