Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Leo tutasema juu ya usingizi, na juu ya vile vinywaji vya mikebe vinavyouzwa madukani na katika vituo vya magari, ambavyo watu husema vinaongeza nguvu.

Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mithali hiyo tuliisikia tangu utotoni, lakini maana yake tulifundishwa usiku mmoja barabarani.

Tulikuwa tumetoka harusini Kitale, watu kumi na watatu katika gari la kukodi, tukirudi Nairobi. Dereva wetu alikuwa kijana mpole, mwenye adabu. Usiku uliotangulia alikuwa ametuleta, na siku nzima ya harusi alikuwa akibeba wageni na viti. Tulipofika Eldoret, yapata saa nne za usiku, alishuka akanawa uso. Mmoja wetu akamwuliza, "Kijana wetu, utaweza?" Akajibu, "Nitaweza, mzee, nikipata kitu cha kufungua macho." Basi tukachanga pesa, tukamnunulia mikebe mikubwa miwili. Twakiri mbele yenu leo: tuliinunua sisi, maana kila mmoja alitaka kulala kitandani kwake.

Kwa muda alichangamka kweli. Alizungumza sana, akaimba pamoja nasi. Lakini tulipokwisha kupita Gilgil, yapata saa nane, sauti yake ikakoma. Gari likaacha lami polepole, likaingia majanini. Mama mmoja akapiga ukelele. Dereva akashtuka, akakanyaga breki. Tulisimama hatua chache tu kutoka mtaroni.

Hakuna aliyeumia. Lakini mikono ya yule kijana ilitetemeka, na moyo ulimwenda mbio. Alituambia hakumbuki jinsi alivyotoka barabarani. Tukamsihi alale. Akajinyosha kitini, akafumba macho, na usingizi ukamkataa mpaka mapambazuko. Hilo ndilo lililotushangaza: alisinzia alipopaswa kuwa macho, na alipotaka kulala hakuweza.

Ilikuwaje? Madaktari wanatueleza hivi. Katika vinywaji hivyo mna kitu kiitwacho kafeini, kile kile kilichomo katika chai na kahawa zetu. Tangu mtu aamkapo, ubongo wake hukusanya kidogo kidogo kitu kingine kiitwacho adenosini, nacho ndicho kimwambiacho kwamba wakati wa kulala umefika. Kafeini hukalia mahali pa adenosini, ili ujumbe usisikike. Lakini haiiondoi. Ni kama mwenye deni anayemweka mtoto mlangoni aseme, "Baba hayupo." Mdai haendi zake. Hukaa nje, na wadai wengine huja wakakaa naye. Siku mtoto akichoka, wote huingia pamoja.

Tena kafeini hukawia mwilini. Kwa watu wazima wengi, baada ya saa tano hivi nusu yake ingalimo. Anywaye jioni saa kumi na moja, akienda kulala saa nne, bado anapigana na nusu ya alichokunywa. Kesho yake huamka amechoka, anatafuta mkebe mwingine, na deni linaongezeka.

Kiasi gani ni kingi mno? Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mama mjamzito asizidishe 200. Mkebe mdogo wa mililita 250 mara nyingi huwa na miligramu 80, na mkubwa wa mililita 500 huwa na 160. Basi dereva wetu alipewa 320 kwa mara moja, juu ya vikombe vya chai alivyokunywa harusini. Na sukari je? Kinywaji chenye gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100 hukupa gramu 55 katika mkebe mkubwa, yaani vijiko vya chai kama 13. Nani kwenu angetia vijiko 13 katika kikombe cha mgeni?

Azidishaye huona dalili: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, tumbo kusokota, wasiwasi usio na sababu, hasira za upesi, na kukosa usingizi. Wenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu wako katika hatari kubwa zaidi. Na aliyezoea, akiacha ghafula, kichwa humwuma ndani ya siku moja, akawa mzito na mwenye uchungu kwa siku kadhaa. Huyo asikate tamaa. Apunguze kidogo kidogo, anywe maji, na alale mapema. Hali hiyo hupita.

Wazazi, waangalieni watoto wanaokesha kabla ya mtihani. Mafunzo ya mchana hutulia kichwani wakati wa usingizi. Amnyimaye mtoto usingizi amemnyang'anya na somo. Nchi ya Lithuania ilikataza tangu 2014 kuwauzia vinywaji hivi walio chini ya miaka 18, na Poland ikafuata mwaka 2024. Sisi tusingoje sheria nyumbani mwetu.

Na dereva aliyechoka dawa yake ni moja: asimamishe gari mahali salama, alale. Sheria yetu ya barabara hapa Kenya inakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika siku moja. Sisi tuliijua sheria hiyo. Tulimnunulia mkebe ili tuivunje.

Mnakumbuka habari za nabii Eliya alipokimbilia jangwani, amechoka hata kutamani kufa. Mungu hakumkemea, wala hakumwamuru aongeze mwendo. Alimwacha alale chini ya mti. Alipoamshwa alikuta mkate na maji. Akala, akanywa, akalala tena. Safari ndefu ilikuja baadaye. Basi kama Mungu alimwachia mtumishi wake usingizi, sisi ni nani hata tumnyime mtoto wa mwenzetu?

Asubuhi ile tulimwomba kijana radhi. Yeye alidhani kosa ni lake peke yake, tukamwambia, "La, mwanetu. Ulikopa wewe, lakini wadhamini tulikuwa sisi." Tukakaa mpaka akalala kweli, jua likiwa juu. Nyumbani tulifika jioni, tumechelewa, tukiwa kumi na watatu na dereva wetu.

Msikilizaji mpendwa, leo usiku kuna mtu anayekesha kwa ajili yako: dereva, bawabu, muuguzi, au mtoto wako mwenye vitabu. Usimpe mkebe. Mwulize amelala lini.

Bwana awape siku njema, na jioni awape usingizi. Kwaherini.