Nyanya Aliyesikiliza

Leo nataka kusema na babu na nyanya ambao wajukuu wao wameanza kujifunza muziki.

Zamani katika mji wa Berlin, Ujerumani, alikuwako nyanya mmoja Myahudi, jina lake Bella Salomon. Mwanawe Jakob aliiacha dini ya wazazi wake akawa Mkristo. Mama akakasirika sana, akamkataa, na uchungu huo ukakaa moyoni mwake.

Lakini nyanya huyu alikuwa na mjukuu, Fanny Mendelssohn, aliyekuwa akija kumpigia piano. Alifurahi sana kuona jinsi msichana alivyoendelea katika ujuzi wake. Mwana wa Fanny, alipoandika habari za jamaa yao, alisimulia kwamba siku moja nyanya alimwuliza mjukuu angependa zawadi gani. Fanny hakutaka nguo wala pambo. Aliomba jambo moja tu: mjomba wake asamehewe. Nyanya akaguswa, akamsamehe mwanawe kwa ajili ya mtoto huyo.

Ndugu yake Fanny, Felix, alipewa na nyanya huyo nakala ya muziki wa Johann Sebastian Bach juu ya mateso ya Kristo kama alivyoyaandika Mathayo. Muziki huo ulikuwa karibu kusahauliwa. Bella alifariki mwaka 1824. Mwaka 1829 Felix, kijana wa miaka 20, akawaongoza waimbaji wa Berlin kuuimba mbele ya watu wengi. Nyanya hakuwapo kusikia, lakini zawadi yake ilikuwapo.

Basi, mzee wangu, mjukuu akirudi kutoka mazoezi ya kwaya akakuimbia do, re, mi, usimfukuze ukisema ni kelele. Huenda wewe hujui kusoma noti, si neno. Keti, msikilize, mwulize anajua nini leo ambacho mwezi uliopita hakukijua. Timotheo naye alikuwa na nyanya, Loisi, na Paulo hakusahau kumtaja.

Tena, moyo uliolainishwa na wimbo wa mtoto usiufunge. Labda yuko mwana ambaye hamjasemezana tangu mlipogombania shamba. Mjukuu akikuuliza habari zake, utajibu nini?

Tuombe. Ee Baba, utupe masikio ya kuwasikiliza watoto wetu, na mioyo ya kusamehe kabla jua halijatuchwea. Amina.